Jasho lisiloandikwa daftarini

Ajenda ya mapato na matumizi imezoea kukaa mwisho. Mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa saa tatu asubuhi, watu wanatimia saa tano, mwenyekiti anafungua. Muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa, yatokanayo yanajadiliwa. Ofisa ugani anasimama kuzungumzia mbolea ya ruzuku, mhudumu wa afya anakumbusha habari ya vyoo na chanjo, polisi kata anaonya kuhusu wizi wa mifugo. Jua likishapita utosini ndipo mtendaji anapofungua jalada lake. Kinamama wengi wamekwisha kuondoka kwenda kubandika chakula, na vijana wamesogea pembeni kwenye pikipiki zao. Mtendaji anasoma harakaharaka: salio la robo iliyopita, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kuna swali? Hakuna. Tunaendelea na mengineyo.

Sheria inazipa dakika hizo uzito mkubwa kuliko zinavyopewa na ratiba. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kauli ya juu kijijini. Halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, ambao angalau robo yao lazima wawe wanawake, ni mtekelezaji wa yale mkutano uliyoamua. Halmashauri hukutana kila mwezi; mkutano mkuu huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Chini ya halmashauri kuna kamati ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na vyote viliitwa kwenye sanduku la kura Novemba 27, 2024 kupata viongozi wa miaka mitano. Ni mtandao mpana wa utawala wa wananchi, na hesabu zake husomwa hadharani, kwa sauti, mbele ya wenye mali. Nchi nyingi hazina utaratibu huo.

Ninachokililia katika makala haya si tu kwamba hesabu zinasomwa kwa kuchelewa. Ni kwamba hata zikisomwa vizuri, senti kwa senti, zinaacha nje sehemu kubwa zaidi ya kile ambacho kijiji kimetoa kwa mwaka mzima. Kinachosomwa ni pesa. Kilichojenga kijiji kwa kiasi kikubwa ni mikono, na mikono haimo kwenye daftari.

Tazama kwanza pesa yenyewe inatoka wapi. Ofisi nyingi za vijiji zina vyanzo vinavyohesabika kwa vidole: ada ya barua ya utambulisho na mhuri, faini za sheria ndogo, kodi ya eneo lenye mnara wa simu pale mnara ulipo, kodi ya vibanda, mchanga au kokoto kama kijiji kina machimbo, pango la shamba la kijiji. Hata hizo si zote zinazofika kwenye akaunti. Ada ya mhuri ndiyo inayopotea kirahisi kuliko zote, kwa sababu mwananchi mwenye shida ya barua hana muda wa kudai stakabadhi, na anayepokea pesa hamkumbushi.

Hali haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa. Miaka mitatu baadaye, Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ikakiandikisha kijiji kuwa chombo chenye mamlaka yake kisheria, na vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, kijiji kikabebeshwa na kazi ya ushirika pia. Kikanunua mazao, kikaendesha duka, kikamiliki mashine ya kusaga. Mengi ya maduka hayo yalikufa, na mashine zikaishia kuwa vyuma vya kukalia watoto. Lakini kizazi kile kilijua kwamba kijiji kinaweza kuwa na mali, na kwamba mali hiyo ina daftari. Hadhi hiyo ya kisheria haikuondoka: sheria ya 1982 iliendelea kuitambua halmashauri ya kijiji kama mtu mbele ya mahakama. Inaweza kumiliki, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa.

Pigo la mapato lilikuja mwaka 2003, kodi ya maendeleo ilipofutwa. Kwa mkulima ilikuwa nafuu ya kweli. Wanaokumbuka wanamgambo wakizingira minada na vivuko kusaka wasio na risiti hawawezi kuitamani irudi. Serikali Kuu iliahidi kufidia vyanzo vilivyofutwa, na asilimia 20 ya fidia hiyo ilitakiwa ishuke hadi ngazi za chini. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia kuonyesha halmashauri za wilaya ambazo hazikurejesha fungu hilo kwa vijiji. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Wilaya ikabana mkanda, na aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni akaumia zaidi.

Wakati huohuo huduma zimekuwa zikihama mikononi mwa kijiji. Barabara ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Maji, ambayo zamani yalikuwa na kamati chini ya halmashauri ya kijiji, yalihamia kwenye vyombo vya watumia maji vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, baada ya sheria ya mwaka 2019. Fedha za elimu bila malipo huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na zahanati ina akaunti yake. Kila uamuzi kati ya hayo una sababu nzuri. Pesa ikipita mikono michache inavuja kidogo. Matokeo yake lakini ni kwamba mwenyekiti anaweza kuongoza kijiji chenye miradi ya mamia ya mamilioni huku sanduku la kijiji chenyewe likiwa na laki mbili. Miradi ipo kijijini, lakini haimo katika hesabu za kijiji. Mwananchi anayeuliza kwa nini kilula hakitoi maji anaambiwa aende kwenye chombo cha maji, anayeuliza kalavati anaambiwa amsubiri mtu wa TARURA.

Kitu kimoja hakijahama: kazi ya mikono. Hiyo imebaki kijijini.

Mgeni anayepita Tanzania vijijini ataona majengo yaliyofika kwenye lenta na kusimama. Ni kuta za tofali za kuchoma au za saruji, matundu ya madirisha yakiwa wazi, nyasi zimeota pale ilipotakiwa kuwa sakafu. Watu wanayaita maboma. Nchi nzima ina maelfu: madarasa, zahanati, nyumba za walimu. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba wananchi wanaanza, serikali inamalizia. Wananchi wanachimba msingi, wanasomba mawe na mchanga, wanafyatua tofali, kinamama wanateka maji ya kuchanganyia udongo, fundi wa kijiji analipwa kwa michango. Jengo likifika lenta, mtendaji anaandika barua wilayani kuomba bati na umaliziaji. Halafu kijiji kinasubiri. Mwaka, miaka miwili, wakati mwingine mpaka mvua iangushe ukuta.

Siku za kazi ya pamoja, msaragambo kama wanavyoziita Wapare na Wasambaa, zina nidhamu yake. Balozi wa nyumba kumi anapita jioni kutangaza. Asubuhi kila kaya inatoa mtu, na orodha inaitwa. Asiyekuja anatozwa faini, na vipo vijiji ambako asiyelipa faini amechukuliwa kuku, baiskeli, hata sufuria. Nataka kulisema hili waziwazi kwa sababu tunaposifu nguvu za wananchi huwa tunasahau kwamba nguvu hizo hazitoki sawasawa. Kaya ya mjane mwenye watoto wadogo inahesabiwa kaya moja, na kaya yenye vijana wanne wenye misuli inahesabiwa kaya moja. Mwenye duka anatoa shilingi elfu tano na kubaki dukani. Asiyenacho anatoa siku yake ya palizi katikati ya msimu. Kwa mkulima siku moja ya palizi si siku moja tu, maana magugu hayamsubiri amalize ujenzi wa shule.

Sasa tupige hesabu ya mfano, kwa viwango ambavyo msomaji anaweza kubadilisha kulingana na kwao. Chukua kijiji chenye kaya 400 kinachojenga chumba kimoja cha darasa. Kila kaya ikitoa siku 6 za kazi katika mwaka, ni siku 2,400. Kibarua wa shamba akilipwa Sh5,000 kwa siku, kazi hiyo ni Sh12 milioni. Kila kaya ikileta tofali 60, ni tofali 24,000. Kwa Sh150 moja, ni Sh3.6 milioni. Na kila kaya ikichanga Sh5,000 taslimu, ni Sh2 milioni. Jumla, kijiji kimetoa Sh17.6 milioni. Daftari la kijiji litaonyesha milioni 2.

Ili kuona ukubwa wa kiasi hicho, kumbuka mwaka 2021 Serikali ilipotumia mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa katika mpango wa kukabiliana na UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba 15,000 vya madarasa, na kila chumba kilitengewa Sh20 milioni. Kila mtu aliijua takwimu hiyo; ilitangazwa redioni na ikabandikwa kwenye mbao za matangazo za shule, jambo jema kabisa. Kijiji chetu cha mfano kimekaribia kiasi hicho kwa mikono yake, na hakuna ubao wowote unaosema hivyo. Darasa likiezekwa na kuzinduliwa, jiwe la msingi litachongwa jina la kiongozi aliyekuja kukata utepe. Taarifa ya wilaya itasema mradi umegharimu kiasi kilichotumwa na wilaya, na kwa nguvu za wananchi itaweka mstari mmoja, mara nyingi bila thamani.

Wapo watakaosema kazi ya kujitolea haipaswi kuwekewa bei. Naielewa hoja hiyo, na inatoka mahali pazuri: watu hawaendi kwenye msaragambo kudai ujira, wanakwenda kwa sababu watoto ni wao. Lakini mtendaji asiyeandika siku 2,400 za kazi hazipandishi hadhi. Anazifanya zisiulizwe. Shilingi milioni 2 zikipotea, mkutano mkuu unaweza kuitisha stakabadhi, kuunda kamati ya uchunguzi, kumsimamisha mtu. Siku 2,400 zikipotea kwenye boma lililoachwa mvuani, hakuna wa kuitwa. Hazikuwahi kuingia, kwa hiyo haziwezi kuonekana zimetoka.

Na zinapotea kweli. Boma lililokaa bila paa misimu mitatu ya mvua linaweza kuhitaji kubomolewa nusu kabla halijamaliziwa. Mhandisi wa wilaya anaweza kufika na kusema msingi ulijengwa bila kufuata ramani, kwa hiyo kazi ianze upya. Kila mara hasara hiyo inabebwa na wale wale waliosomba mawe, kisha wanaitwa tena kusomba mengine. Wakisita, wanaambiwa wamekosa ari ya maendeleo. Si haki kumwambia hivyo mtu ambaye mchango wake wa kwanza haukuandikwa popote.

Kuandika kunawezekana, maana kumekwisha kufanyika. Miradi ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ya awamu za mwanzo ilidai mchango wa jamii, na mchango huo ulikadiriwa kwa shilingi ndani ya andiko la mradi: mawe kiasi fulani, mchanga tripu kadhaa, kazi ya mikono siku kadhaa. Mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza miaka ya 2000 na kuboreshwa baadaye, unasisitiza kwamba jitihada za jamii zitangulie na zionekane kwenye mpango wa kijiji. Fomu zilikuwepo, na watu walizijaza vizuri. Tatizo ni kwamba fomu zilikuwa za mradi. Mradi ukiisha zinaondoka nao, na daftari la kijiji linarudi kwenye safu zake mbili za pesa.

Vijiji vilivyopata pesa ya kweli vinatufundisha jambo hapa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu ya hifadhi katika ardhi yake na kubaki na mapato yake. Kilwa, vijiji vilivyofanya kazi na shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, kwa misitu yao ya asili, cha kwanza cha aina hiyo kwa misitu ya jamii barani Afrika. Mpingo wao, mti unaotengenezewa klarineti na obo, ukaanza kulipa. Kabla ya hapo gogo liliondoka Kilwa kwa bei ya kutupa. Mapato ya misitu kwenye vijiji hivyo yamejenga visima, madarasa na nyumba za watumishi. Kiteto, msitu wa SULEDO ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Katavi, vijiji vya Wilaya ya Tanganyika vinavyotunza misitu ya Milima ya Ntakata vimepokea mabilioni ya shilingi za biashara ya kaboni, na kuyaelekeza kwenye zahanati, shule na bima ya afya kwa wanakijiji.

Utajiri wa vijiji hivyo si jambo la kunakiliwa kila mahali. Si kila kijiji kina mpingo. Cha kunakili ni nidhamu ya kuandika. Mnunuzi wa mbao anataka kujua kila gogo limetoka wapi. Kamati ya maliasili inapima mti, inagonga alama kwa nyundo, inaandika ujazo, inatoa stakabadhi. Doria za walinzi wa msitu zinaandikwa: nani alikwenda, siku gani, ameona nini. Doria ni kazi ya mikono, sawa na kusomba mawe. Inaandikwa kwa sababu mtu wa nje, mwenye pesa, ameidai. Inaniuma kwamba kazi ya mwanakijiji inapata kumbukumbu pale tu mnunuzi anapoihitaji, ilhali kijiji chenyewe, ambacho ndicho chenye kazi, hakijawahi kuidai.

Mtendaji wa kijiji anapaswa kutendewa haki katika mjadala huu. Ni mwajiriwa wa wilaya, katibu wa vikao vyote, mtunza fedha, msuluhishi wa ugomvi wa mipaka, mpokea wageni, msimamizi wa sensa na chanjo, na mara nyingi analipia karatasi za muhtasari kutoka mfukoni mwake. Mwenyekiti hana mshahara, anategemea posho isiyo na uhakika. Kuwaongezea daftari lingine bila msaada ni kuwaonea. Lakini daftari hili halihitaji mhasibu. Wenyeviti wa vitongoji tayari wanaita majina siku ya kazi ili kuwajua wasiofika. Orodha ile ile inayotumika kutoza faini ingeweza kutumika kuwatambua waliofika.

Kinachohitajika ni kaunta buku moja yenye safu chache: tarehe, kitongoji, idadi ya waliofika, wanawake wangapi na wanaume wangapi, kazi waliyofanya, vifaa walivyoleta, na thamani iliyokubaliwa na mkutano mkuu mwanzoni mwa mwaka. Thamani ikubaliwe na watu wenyewe, kwa bei ya kibarua wa pale pale. Makisio yasiletwe kutoka wilayani. Ukurasa ufungwe kila mwezi kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, usainiwe na mwenyekiti wa kamati ya huduma za jamii, nakala ibandikwe ubaoni kando ya ile ya fedha. Wanawake wakihesabiwa kwenye safu yao, nadhani baadhi ya vijiji vitashangaa kuona nani hasa amekuwa akisomba maji ya ujenzi miaka yote hii.

Kuna faida nyingine ambayo viongozi wa vijiji wanaijua vizuri kuliko mimi. Wilaya inapogawa fedha za kumalizia maboma, wanaoshindana ni wengi, na barua nyingi zinafanana: wananchi wamejitahidi, tunaomba msaada. Kijiji kinachopeleka barua yenye hesabu ya Sh17.6 milioni, kitongoji kwa kitongoji, mwezi kwa mwezi, kinampa diwani wake silaha ndani ya baraza. Mkaguzi naye akifika atakuwa na kitu cha kulinganisha na jengo analoliona. Likitokea boma limeachwa, hasara itakuwa na tarakimu, na tarakimu hiyo inaweza kuulizwa kwenye kikao cha baraza la madiwani kama hasara nyingine yoyote ya fedha za umma.

Michango ya shule ilipopigwa marufuku Januari 2018 na Rais John Magufuli, baada ya malalamiko ya watoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa, wazazi wengi walipumua. Michango haikuisha, ilirudi kwenye mikutano ya vijiji kwa jina la hiari. Hiari hiyo ina maana pale tu mwanakijiji anapoweza kuona alichotoa mwaka jana kilifika wapi kabla hajaombwa kingine. Mjane aliyetoa siku sita na tofali sitini ana haki ya kusikia mchango wake ukisomwa mkutanoni, na ukisomwa atakuwa na msingi wa kusimama na kuomba mwaka huu apewe nafuu.

Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Mkutano mkuu wa kwanza baada ya hapo ndio unaostahili kusikia hesabu za mwaka mzima, na hakuna kifungu chochote kinachomkataza mwenyekiti kuiweka ajenda hiyo mara tu baada ya kufungua kikao, saa tano asubuhi, kinamama wakiwa bado wamekaa. Kaunta buku inauzwa kwenye duka la kijiji. Safu zinachorwa kwa rula. Bei ya siku ya kibarua inaweza kupitishwa kwa kunyoosha mikono siku hiyohiyo, na ukurasa wa kwanza ukaanza na msaragambo unaofuata.